Kuokoka, Kuhamishwa na Kujiendeleza: Vitenzi vya Mageuzi ya Nafsi na Jamii katika Nyanda za Juu za Buha, 1933–1975

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali la kale, yaani kama mageuzi ya jamii huanzia moyoni mwa mtu au katika mazingira anamoishi, kwa kulitazama ndani ya historia ya nyanda za juu za Buha, mkoani Kigoma. Yanafuatilia mavuguvugu mawili yaliyojenga hoja yao juu ya badiliko la ndani: Uamsho wa Afrika Mashariki na siasa ya Ujamaa. Yanadai kwamba mavuguvugu hayo hayakutofautiana sana katika mafundisho yao kuhusu moyo. Yalitofautiana katika nani aliyepewa nafasi ya kusema kwamba amebadilika, na tofauti hiyo imehifadhiwa katika kauli za vitenzi vya Kiswahili vilivyotumika.

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba kitenzi kimoja huzaa vingine: hama huzaa hamia, hamisha na hamishwa, okoa huzaa okoka na okolewa, endelea huzaa endeleza, endelezwa na jiendeleza. Kwa kawaida somo hilo huishia katika majedwali ya mnyambuliko. Hapa ninajaribu kulitoa katika jedwali na kulipeleka Kasulu, Kibondo na Buhigwe, kwa kuwa naamini kauli ya kitenzi inaweza kusomwa kama ushahidi wa kihistoria. Hutuonyesha ni nani aliyehesabiwa kuwa mtenda na nani mtendwa, hata pale ambapo nyaraka za utawala zinazungumza kana kwamba watu wote walikuwa wakitembea kwa miguu yao wenyewe.

Buha ni nchi ya milima na mabonde iliyo kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika, ikipakana na Burundi. Wilaya ya Buhigwe ni changa: ilimegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, wakati uleule Kakonko ilipomegwa kutoka Kibondo. Lakini vilima vyake vya mpakani, kama Manyovu na Munanila, vina historia ndefu kuliko ramani hizo. Tawala za Heru, Muhambwe na Buyungu zilikuwa na mwami, na chini yake watwale. Pamoja nao alikuwapo mteko, mtu ambaye mamlaka yake yalihusu ibada na baraka ya ardhi ya mahali na hayakutoka kwa mwami. Lugha ya nchi ni Kiha, ambacho Guthrie alikiweka katika kundi la D60 pamoja na Kirundi na Kinyarwanda, na mtu wa Buhigwe na mwenzake wa ng'ambo ya mpaka huelewana bila mkalimani.

Kiswahili kilipanda milima hiyo kutoka Ujiji kwa njia ya misafara, kisha kikaimarishwa na boma, shule na kanisa. Kwa hiyo Mha wa kizazi cha mwanzo cha wasemaji wa Kiswahili alikipokea zaidi kutoka kwa watu waliofika wakitaka jambo fulani libadilike: mfanyabiashara, mkusanya kodi, mwalimu wa dini, na baadaye katibu wa chama. Jambo hili linafaa kukumbukwa kila tunapokutana na vitenzi vya mageuzi katika eneo hili.

Kuhama na kuhamishwa

Kuhama kulijulikana Buha kabla ya wakoloni. Ardhi ilipochoka, mtwale alipozidi ukali au ugonjwa ulipoingia nyumbani, familia ilihama. Na kwa kuwa mtwale bila watu hakuwa mtwale, kuhama kulikuwa pia namna ya kutoa hoja. Kitenzi hicho kilipopata kiambishi cha kutendesha, hali ilibadilika. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Kiingereza iliwahamisha wakazi wa sehemu kadhaa za Buha na kuwakusanya katika makazi ya pamoja kwa ajili ya kupambana na malale. Mwanahistoria Julie Weiskopf ameliandikia suala hili tasnifu nzima, akizifuata jamii zilizohamishwa Kigoma kutoka 1933 hadi 1975, na miaka ya kichwa cha makala haya imefuata njia yake.

Malale yalikuwa ugonjwa wa kuua, na wazo la kuwatenga watu na vichaka vya mbung'o halikuwa la kipuuzi. Hata hivyo, mradi huo ulibeba wazo jingine lililoishi muda mrefu kuliko ugonjwa wenyewe, kwamba mtu akipangwa upya mahali pake pa kuishi, karibu na barabara, zahanati na karani wa kodi, tabia yake nayo itajipanga. Mteko hakuweza kufunganywa pamoja na mizigo. Mamlaka yake yalikuwa juu ya ardhi ile, na ardhi ile ilibaki nyuma.

Njia nyingine ya kuondoka ilikuwa ya manamba. Buha iligeuzwa hazina ya vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na baada ya kuundwa kwa SILABU, shirika la wenye mashamba la kuandikisha vibarua, mwaka 1944, uandikishaji huo ulipata mpango madhubuti zaidi. Margot Lovett ameonyesha jinsi safari hizo zilivyotikisa ndoa na uhusiano wa wazee na vijana katika nyanda za juu za Buha. Kijana aliyerudi na fedha zake hakumhitaji tena baba kwa mahari kama zamani. Alirudi pia na Kiswahili, na sehemu ya wasikilizaji wa wahubiri tutakaowaona sasa walikuwa watu wa namna hiyo, waliokwisha kutoka na kurudi.

Nimeokoka

Uamsho wa Afrika Mashariki haukuanzia Buha. Kwa kawaida chimbuko lake huelezwa kwa mkutano wa Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church huko Namirembe, Kampala, mwaka 1929, na kwa matukio yaliyofuata katika hospitali ya Gahini, Rwanda, walikofanya kazi akina Blasio Kigozi na Yosiya Kinuka. Mwaka 1935 misheni hiyohiyo ilifungua vituo Buhiga na Matana nchini Burundi. Upande wa Tanganyika, Dayosisi ya Central Tanganyika iliyoundwa mwaka 1927, ikihudumiwa na wamisionari wa CMS kutoka Australia, ilifika Buha katika miaka ya 1930. Buha ilijikuta kati ya mikondo miwili: kanisa lililosimamiwa kutoka Dodoma, na moto uliotoka ng'ambo ya mpaka ukisafiri kwa lugha ambazo Mha alizisikia kama zake. Mwaka 1966 Kasulu ikawa makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika, na askofu wake wa kwanza alikuwa Musa Kahurananga.

Neno lililowatambulisha watu hawa lilikuwa la Kiganda, balokole, yaani waliookolewa. Kiswahili kililipa ngeli yake na kulifanya walokole. Lakini katika ushuhuda wenyewe mlokole wa Kiswahili hakusema "nimeokolewa". Alisema "nimeokoka". Kiteolojia tungetarajia kauli ya kutendwa, kwa maana mafundisho yote yalisisitiza kwamba mwokozi ni mwingine. Kauli ya kutendeka iliyoshika nafasi hiyo humweka msemaji mbele na kumwacha mtenda bila kutajwa. Haina nafasi ya kishazi "na padre", "na bwana shauri" wala "na mwami". Mtu aliyesema ameokoka alitangaza hali iliyotokea kwake bila hati ya mkubwa yeyote, na ndiyo sababu mapema kabisa Uamsho uliwatia wasiwasi maaskofu na machifu kwa pamoja. Derek Peterson, aliyechunguza Uamsho huo hadi Bugufi, jirani wa kaskazini wa Buha, ameonyesha kwa kina jinsi walokole walivyokuwa mwiba kwa wajenzi wa uzalendo wa kikabila waliotaka kila mtu atulie chini ya wazee wake.

Upande wa toba, lugha za milimani zilikuwa na hazina ambayo Kiswahili hakina. Kiswahili kina kutubu, neno la asili ya Kiarabu lenye wazo la kurejea. Kirundi kina kwihana, kitenzi chenye kiambishi cha kujirejea kilichojengwa juu ya guhana, yaani kuadhibu au kuonya. Anayetubu kwa Kirundi, basi, hujiadhibu mwenyewe. Hakimu na mshtakiwa ni mtu mmoja. Nadhani msikilizaji wa Buhigwe aliyesikia mahubiri ya kutubu kwa Kiswahili aliyapokea akiwa na kitenzi hicho cha jirani sikioni, na kwamba hii ni sehemu ya sababu ya kwa nini toba ya hadharani, iliyowashangaza Wazungu wengi, haikuwa ngeni sana kwake.

Ushuhuda nao ni neno lililohama. Katika Kiswahili cha baraza na mahakama, shahidi husema aliyoyaona kwa mwingine. Katika mkutano wa walokole shahidi alisema aliyoyatenda yeye: alichoiba, aliyemchukia, uongo aliomwambia mkewe. Kwa Mkatoliki wa Kabanga dhambi hizo zilinong'onwa katika kitubio, zikaishia kwa padre. Kwa mlokole zilisemwa mbele ya jirani, na mara nyingi zilifuatwa na malipo: jembe kurudishwa, fedha kurejeshwa kwa mwajiri, kuku wa miaka mingi iliyopita kulipwa. Hapa ndipo badiliko la moyo lilipoonekana sokoni na shambani. Bila malipo, ushuhuda ungebaki maneno, na walokole wenyewe walikuwa wakali sana kwa mtu aliyekiri bila kurudisha.

Mambo mengine mawili yalikuwa na uzito wa kijamii uliozidi sura yake. Salamu za Kiha ni ndefu, na mdogo humsalimu mkubwa kwa kupiga makofi polepole huku akiinama. Ni salamu zinazompanga kila mtu mahali pake. Walokole walisalimiana kwa kukumbatiana na kwa wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza, wakiitana ndugu, awe mwenye ng'ombe au asiye na kitu, awe Mha au Mzungu. Pia waliacha pombe. Katika nchi ambako mtungi wa pombe ya ndizi uliambatana na kazi ya ushirika, posa, suluhu na heshima kwa mwenye ng'ombe, kukataa pombe kulimaanisha kujitoa katika mtandao mzima wa wajibu. Wazee waliolalamika kwamba walokole wanavunja nchi hawakuwa wamekosea. Nchi waliyoijua ilikuwa ikivunjwa kweli, na mara nyingi mvunjaji alikuwa mwanamke au kijana ambaye hapo awali hakuwa na zamu ya kusema barazani.

Kwa mwanafunzi wa fasihi kuna jambo la ziada. Tunapofundisha tawasifu ya Kiswahili huanza na maisha ya Tippu Tip na kufika kwa Shaaban Robert na Maisha Yangu ya mwaka 1949. Ushuhuda wa mdomo haumo. Nao ulikuwa utanzu kamili: una mwanzo uliozoeleka, hali ya giza, kilele chenye siku na mahali, kisha mwisho usiofungwa, kwa kuwa ndugu alitarajiwa kushuhudia tena wiki iliyofuata. Wakulima wasiojua kusoma walijifunza kwa utanzu huo kuzungumza juu ya maisha yao kwa nafsi ya kwanza, kwa Kiswahili, mbele ya hadhira. Sijui sababu nzuri ya kuuacha nje ya mitaala isipokuwa kwamba ni wa kidini na haukuandikwa.

Haifai, hata hivyo, kuufanya Uamsho kuwa zaidi ya ulivyokuwa. Walokole walikuwa wachache, na Wakristo wengi wa Buha walibaki Wakatoliki. Walikuwa na ulimi mkali kuhusu pombe na wivu, lakini hawakuwa na msamiati wa ujira wa manamba, wala wa kodi iliyomfukuza kijana nyumbani. Dhambi waliyoijua ilikuwa na mwenyewe. Dhuluma isiyo na mwenyewe, iliyotendwa na mpango wa uchumi, haikuweza kupanda jukwaani na kutubu. Na historia ya majirani inatuonya zaidi. Rwanda, nchi ya Gahini, nchi ambamo Mhutu na Mtutsi walikumbatiana kama ndugu katika mikutano ya miaka ya 1930, ndiyo nchi ya mauaji ya kimbari ya 1994. Wapo walokole waliokufa kwa kukataa kutengana. Lakini mioyo iliyobadilika mmoja mmoja haikutosha kuizuia dola iliyopanga kuua.

Imani na operesheni

Mwandishi wa pili wa badiliko la moyo katika historia hii ni Julius Nyerere. Kwa kawaida Ujamaa hufundishwa kama mpango wa uchumi, na hilo hutusahaulisha kwamba andiko lake la Aprili 1962 lilianza na nafsi. Hoja yake ilikuwa kwamba kinachomtambulisha mjamaa ni namna anavyowatazama wenzake, wala si kiasi cha mali alichonacho: tajiri anaweza kuwa mjamaa, na fukara anaweza kubeba moyo wa kibepari akisubiri tu nafasi. Mhubiri wa Uamsho angeukubali muundo wa hoja hiyo bila kusita. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilirudia jambo hilo katika kifungu chenye kichwa "Ujamaa ni Imani", likisema kwa maneno yake kwamba Ujamaa haujijengi wenyewe bali hutegemea watu wanaouamini na kuuishi.

Neno imani lilistahili uchambuzi zaidi kuliko lilivyopata. Katika Kiswahili lina pande mbili: kuamini jambo, na kuwa na huruma. Mtu asiye na imani anaweza kuwa asiyesadiki, na anaweza pia kuwa katili. Azimio lilizitegemea pande zote mbili. Kisha, katika sehemu yake ya tano, liliweka vipimo vya nje kwa viongozi: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Katika vipimo hivyo naona kitu cha karibu na malipo ya mlokole, yaani ushahidi wa moyo unaoweza kushikika. Tofauti ni kwamba hapakuwa na mkutano ambamo kiongozi alisimama na kusema, mbele ya waliomjua, nyumba aliyokuwa nayo na jinsi alivyoiacha. Fomu zilijazwa. Mwaka 1991 masharti hayo yalilegezwa huko Zanzibar, na hata hapo hakuna aliyelazimika kusimama.

Kwa wanakijiji Nyerere alikuwa mwangalifu. Ujamaa Vijijini, andiko la Septemba 1967, lilisisitiza hiari: kijiji cha ujamaa huundwa na watu wanaotaka kukaa na kulima pamoja. Mwaka uliofuata, katika hoja yake kuhusu uhuru na maendeleo, alishikilia kwamba mtu hawezi kutendewa maendeleo na mwingine; nyumba anaweza kujengewa, lakini heshima na uwezo wa kuamua hupatikana kwa kutenda mwenyewe. Hoja hiyo ni ya kisarufi kama ilivyo ya kisiasa. Inakikataa kitenzi endelezwa na kukishika jiendeleza. Kiambishi -ji- kinafanya hapa kazi ileile ya -i- katika kwihana.

Kisha ikaja mwaka 1972 na Operesheni Kigoma. Baada ya Rufiji na Dodoma, Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo ambamo watu walihamishwa kwa wingi kwenda vijijini, zaidi ya mwaka mmoja kabla Nyerere hajatamka, Novemba 1973, kwamba kuishi vijijini ni amri kwa wote hadi mwisho wa 1976. Neno operesheni ni la mkopo, la kijeshi na la hospitali. Halina kitenzi chake katika Kiswahili cha kawaida, na mtu hawezi kujioperesheni. Waliopelekwa katika mistari ya viwanja walikuwa na wazee wao waliokumbuka makazi ya malale, nao walikiona kitenzi kilekile kikirudi: kuhamishwa. Sababu ilikuwa nyingine, na nia, naamini, ilikuwa njema kuliko ya mkoloni. Lakini kwa mtu aliyeondoka kwenye migomba aliyoipanda babu yake, sarufi haikubadilika.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka huohuo wa 1972 maelfu ya watu walivuka mpaka kutoka Burundi wakikimbia mauaji. Kiswahili kiliwapa jina lenye mzizi wa kutenda, wakimbizi, kutokana na kukimbia. Wenyeji waliohamishwa na serikali yao hawakupata nomino. Waliitwa wanavijiji, kana kwamba walikuwa hapo siku zote.

Msamiati rasmi ulikiri kilichotokea mapema kuliko hotuba. Makazi mapya yalizidi kuitwa "vijiji vya maendeleo", na jina la "vijiji vya ujamaa" likabaki kwa vile vichache ambamo watu walikubali kulima pamoja. Sheria ya mwaka 1975 ilivitaja kwa pamoja vijiji na vijiji vya ujamaa, ikiruhusu cha kwanza kuwapo bila cha pili. Imani iliondolewa katika jina la mahali ili mahali pabaki. Wengine husoma badiliko hilo kama unafiki. Mimi naliona kama uaminifu wa makarani, ambao walijua kwamba hawakuwa wamemsikia mtu akisema amebadilika.

Gamba

Riwaya ya Kiswahili ililiona tatizo hili vizuri, ingawa si kutoka Buha. Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi (1979) inaliweka suala la kuhamishwa vijijini katika mazingira ya Ziwa Victoria, anakotoka mwandishi mwenyewe, na jina lake linauliza swali la makala haya: nyoka anapovua gamba, je, amekuwa mnyama mwingine? Njozi Iliyopotea ya Claude Mung'ong'o (1980) inafuata kuvunjika kwa matumaini ya kijiji kutoka ndani. Kazi zote mbili husomwa kama ukosoaji wa utekelezaji. Ningependekeza zisomwe pia kama kazi zinazotafuta ushuhuda usiopatikana, kwa kuwa katika kila moja kinachokosekana ni mahali ambapo mwenye mamlaka angeweza kusimama mbele ya wanakijiji na kuzungumza juu ya nafsi yake bila kulazimishwa na bila cheo.

Sidai kwamba Ujamaa ungefaulu kama ungekuwa na mikutano ya toba. China ya miaka hiyo ilikuwa na mikutano ya kujikosoa hadharani, na iliumiza watu wengi. Mlokole alilindwa na jambo moja ambalo mkutano wa chama haukuwa nalo: aliyemsikiliza hakuwa na uwezo wa kumfunga wala kumpandisha cheo. Ndugu aliyemsikia leo alikuwa zamu yake kukiri kesho.

Vitenzi hivi bado vinasikika Kasulu na Buhigwe, na havijachanganyika. Mzee akiulizwa kuhusu wokovu husema "nimeokoka", kisha hutaja mwaka. Akiulizwa kuhusu kijiji husema "tulihamishwa", na mwaka huo haufanyi kuwa na tarakimu. Ni mwaka wa operesheni. Sentensi ya kwanza ina nafsi ya kwanza umoja na -me-, ambayo kwa Kiswahili huonyesha hali ingali inaendelea. Ya pili ina wingi, kauli ya kutendwa, na -li-.